Kuhamisha Tangi la Samaki wa Baharini

Muhula huu tulihamisha tangi letu la samaki kutoka maabara ya zamani kwenda mpya. Napenda kuwaeleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, pamoja na kosa langu.

Tangi hilo huchukua lita 400 za maji ya bahari, na kila lita ina uzito unaozidi kilo moja. Kwa hiyo halibebeki likiwa na maji. Kwanza tuliyachota maji tukayatia katika ndoo, kisha tukatoa mawe, na mwisho samaki. Mimi nilipewa mchanga. Niliuosha kwa maji ya bomba hata ukang'aa. Kumbe nimewaua bakteria waliokuwamo! Hao ndio wanaoigeuza amonia, sumu itokayo kwa samaki wenyewe, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo.

Siku ya tatu samaki walikuwa wakitweta juu ya maji. Vitatange wawili walikufa. Waliobaki tuliwaokoa kwa kubadili sehemu ya maji kila siku, tukiyachota Wesha.

Basi, ahamishaye tangi asiwasahau viumbe asiowaona: mchanga na mawe yakae ndani ya maji ya bahari mpaka mwisho wa safari.