Wi-Fi Ifike Chumba cha Nyuma: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Vifaa vya Meshi

Katika msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, si jambo geni nyakati za jioni pale Benaco, Kata ya Kasulo, kumkuta kijana ameketi kizingitini mwa nyumba yao, simu mkononi, akijaza fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ndani ya nyumba hiyo Wi-Fi ipo, na imelipiwa. Mawimbi yake yanaishia sebuleni. Chumbani, kwenye meza na utulivu, hayafiki. Mawasiliano yakikatika kabla ya viambatisho kupakiwa, kazi ya saa nzima huanza upya, na tarehe ya mwisho ya maombi haimsubiri mtu.

Shida hiyo haiwahusu wanafunzi peke yao. Mfanyabiashara anayeomba au kuhuisha leseni hufanya hivyo kupitia mfumo wa TAUSI. Mzabuni huwasilisha zabuni yake kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Anayetafuta kazi serikalini hutuma maombi kwa mtandao kwenda Sekretarieti ya Ajira, na malipo ya huduma nyingi za umma hufanyika kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo. Ndiyo maana kaya zilizotosheka zamani na vifurushi vya simu zimeanza kuweka ruta, na zenye ruta zimeanza kuuliza habari za mtandao wa meshi, ambao wauzaji huusifu kuwa ndio dawa ya vyumba visivyofikiwa na mawimbi.

Sifa hizo si za uongo. Hata hivyo, dawa hiyo inatibu ugonjwa mmoja tu. Anayenunua vifaa vya meshi bila kupima kwanza anaweza kutumia fedha ya mbolea ya msimu mzima na kubaki na tatizo lile lile.

Mafundo ya wavu

Kwa kawaida nyumba huwa na ruta moja inayopokea intaneti na kuisambaza kwa mawimbi. Mtandao wa meshi huwa na vituo viwili, vitatu au zaidi vinavyowasiliana vyenyewe kwa vyenyewe, mfano wa mafundo ya wavu yaliyoshikana. Kituo kikuu huunganishwa na chanzo cha intaneti. Vingine huhitaji umeme tu. Vyote hutangaza jina moja la Wi-Fi na hutumia nywila moja, hivyo mtu anapotoka sebuleni kwenda jikoni simu yake huhamia kwenye kituo cha karibu bila yeye kugusa kitu.

Hapo ndipo meshi inapotofautiana na kirudisha mawimbi, kile kifaa cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Kirudisha mawimbi cha kawaida mara nyingi huunda mtandao wenye jina lake, na simu huweza kung'ang'ania mtandao wa kwanza hata pale mawimbi yake yanapokuwa yamefifia kabisa. Kwa nyumba ndogo yenye chumba kimoja tu kisichofikiwa, kifaa hicho bado kinaweza kutosha, na hakuna aibu kukichagua.

Vifaa vya meshi vya majumbani vilianza kuenea sokoni mwaka 2016 hivi, lakini fikra yenyewe ni ya zamani zaidi, na Afrika imeitumia kwa namna yake. Katika kijiji cha Mankosi, Jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wakazi walishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape kuanzisha mtandao wa kijiji unaoitwa Zenzeleni, jina ambalo kwa Kixhosa lina maana ya "jifanyieni wenyewe". Vituo vyake viliwekwa katika nyumba za wakazi na kuendeshwa kwa umeme wa jua, mawimbi yakipita nyumba hadi nyumba. Kinachofanyika leo katika nyumba moja yenye vyumba vinne ni kanuni hiyo hiyo kwa udogo.

Kisima kwanza, mabomba baadaye

Kuongeza mabomba uani hakuongezi maji ya kisima. Vivyo hivyo, meshi haiongezi intaneti inayoingia ndani ya nyumba. Inagawa ile iliyokwisha kuingia. Mwananchi anashauriwa kufanya kipimo kimoja ambacho hakigharimu chochote isipokuwa kiasi kidogo cha data. Asimame mita moja kutoka kwenye ruta, apime kasi ya intaneti kwa programu yoyote ya kupimia iliyomo katika simu, kisha aende katika chumba chenye tatizo na kupima tena. Apime asubuhi na arudie jioni, kwa kuwa minara ya simu huelemewa zaidi watu wanaporudi majumbani.

Kama karibu na ruta kasi ni megabiti 20 kwa sekunde na chumba cha nyuma ni megabiti 1, tatizo liko ndani ya nyumba, na meshi inaweza kusaidia sana. Kama karibu na ruta kasi ni megabiti 2 na chumba cha nyuma ni megabiti 1 na nusu, tatizo liko kwenye chanzo. Hata vituo vitano vya meshi vitasambaza megabiti 2 zile zile.

Kwa tatizo la chanzo, suluhisho mara nyingi ni la bure. Ruta inayotumia laini ya simu hupokea mawimbi kutoka kwenye mnara, na paa la bati pamoja na kuta nene za matofali ya kuchoma huyapunguza. Ruta iliyofichwa kabatini nyuma ya televisheni, eti isichukuliwe na watoto, inanyimwa kazi yake. Ihamishiwe dirishani, upande unaoelekea mnara, juu kadiri inavyowezekana, kisha kasi ipimwe upya. Vilevile, kabla ya kununua ruta ya mtandao fulani, ni busara kuazima simu za majirani wenye laini tofauti na kupima hapo hapo nyumbani, kwani mtandao wenye nguvu barabarani Benaco si lazima uwe na nguvu nyuma ya kilima.

Wengine huuliza kwa nini wasiunganishwe moja kwa moja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ulianza kujengwa mwaka 2009 na unafika mipakani Rusumo na Kabanga kuzihudumia pia Rwanda na Burundi. Mkongo ni njia kuu. Ili kaya iutumie lazima kuwe na njia ndogo kutoka kwenye njia kuu hadi mlangoni. Huduma ya aina hiyo ipo nchini, kama vile Faiba Mlangoni Kwako ya TTCL, na mwenye kuihitaji anapaswa kuuliza kama imefika katika eneo lake. Nyumba iliyopata faiba ndiyo inayofaidi meshi kuliko zote, kwa kuwa kisima chake kina maji.

Kosa la kukiweka kituo gizani

Baada ya kununua, kosa linalorudiwa na wengi ni kuweka kituo cha pili ndani ya chumba kile kile kisichokuwa na mawimbi. Kituo hicho kitawaka taa, simu itaonyesha mistari yote, na intaneti itabaki ya kusuasua. Mistari ile hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na kituo, haisemi lolote kuhusu mawasiliano kati ya kituo na mwenzake. Kituo kisichopata hakiwezi kutoa.

Mahali pake ni katikati ya njia, pale ambapo mawimbi ya kituo kikuu bado yana nguvu, ili yapokelewe yakiwa mazima na kusukumwa mbele. Chukua mfano wa boma lililozoeleka Kasulo: nyumba kubwa mbele, uani tenki la maji, na nyuma yake nyumba ndogo ya vijana. Ruta iko sebuleni. Kituo cha pili kinawekwa katika chumba cha nyuma cha nyumba kubwa, karibu na dirisha linalotazama uani, na si ndani ya nyumba ndogo. Kama dirisha hilo limezibwa na tenki, kichaguliwe dirisha jingine, kwa sababu maji hunyonya mawimbi ya Wi-Fi kwa kiasi kikubwa. Mlango wa chuma, kabati la bati na kioo kikubwa cha kujitazamia navyo ni vizuizi. Kikibidi kituo cha tatu, ndipo kiingie nyumba ndogo.

Vituo hutumia masafa mawili makuu. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na hujaa haraka panapokuwa na nyumba nyingi zenye Wi-Fi. Masafa ya gigahezi 5 ni ya kasi ila huchoka mapema ukutani. Kituo kinapotumia masafa yale yale kupokea kutoka kwa mwenzake na kuhudumia simu, kasi hupungua hadi karibu nusu, na kila mruko unaoongezwa hupunguza tena. Ndiyo sababu vituo viwili vilivyopangwa vizuri hushinda vinne vilivyotapakaa. Palipo na uwezo wa kupitisha waya wa mtandao kati ya kituo na kituo, upitishwe. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100 na huondoa hasara yote ya miruko. Fundi umeme anayejenga nyumba mpya anaweza kuelekezwa kulaza bomba tupu la ziada ukutani kwa ajili hiyo, jambo ambalo baadaye hugharimu kubomoa plasta.

Kuhusu waya unaotoka nyumba moja kwenda nyingine, tahadhari inahitajika. Usitundikwe hewani juu ya uwanja. Uzikwe ndani ya bomba, na mvua ya radi inapokaribia vifaa vyote vichomolewe, umeme na waya wa mtandao pamoja. Radi ikipiga karibu, mshtuko hupita kwenye waya na kuunguza vifaa vya pande zote mbili.

Umeme nao usisahauliwe katika bajeti. Kila kituo ni kifaa kimoja zaidi kinachozimika umeme ukikatika, na kituo kikuu kikizimika vingine vyote havina cha kugawa. Vituo vingi vya nyumbani hutumia umeme wa volti 12 na wati chache tu, hivyo betri ndogo ya ruta au mfumo mdogo wa jua huweza kuviendesha kwa saa kadhaa. Isomwe volti iliyoandikwa nyuma ya kifaa kabla ya kuchomeka.

Dukani na mpakani

Kwa kuwa Kasulo iko karibu na mipaka miwili, wapo wanaonunua vifaa ng'ambo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka vifaa vya mawasiliano vinavyotumika nchini viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na bidhaa zipite Forodha. Kibali cha nchi moja hakivuki daraja la Rusumo pamoja na mzigo: Rwanda, kwa mfano, ina huduma ya setilaiti ya Starlink tangu mwaka 2023, lakini dishi lililosajiliwa kule halihalaliki hapa kwa sababu tu limefika. Mwenye shaka aiulize TCRA kabla ya kulipa. Aidha, wenye ruta za laini wanaoishi jirani kabisa na mpaka wazime matumizi ya data katika mitandao ya nje, ruta isije ikanasa mnara wa upande wa pili na kutozwa viwango vya huko.

Vituo vya kampuni tofauti mara nyingi havielewani. Mwaka 2018 muungano wa kimataifa wa Wi-Fi Alliance ulitoa kiwango cha EasyMesh ili kuondoa tatizo hilo, lakini si kila kifaa kinakifuata. Njia salama ni kununua seti ya kampuni moja, na kuanza na vituo viwili. Cha tatu kinunuliwe baada ya kuona upungufu kwa macho.

Wi-Fi inayofika mbali pia inafika barabarani. Nywila iliyokuja na kifaa ibadilishwe siku ya kwanza. Wenye nyumba za wageni na migahawa watenge mtandao wa wageni, huduma ambayo vifaa vingi vya meshi vinayo, ili simu ya mpita njia isiingie mtandao mmoja na kompyuta ya mahesabu. Laini iliyomo katika ruta imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu, na kosa likitendeka kupitia laini hiyo, mtu huyo ndiye atakayeulizwa kwanza. Kuwauzia majirani intaneti kwa malipo ni biashara ya mawasiliano inayohitaji leseni ya TCRA, hata kama ilianza kama wema.

Iwapo kipimo cha karibu na ruta kinaonyesha kila mara kasi iliyo chini mno kuliko ile iliyouzwa katika kifurushi, mteja ayaandike matokeo pamoja na tarehe na saa, kisha apeleke malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wake na kudai namba ya malalamiko hayo. Asiporidhika na majibu, anaweza kuyafikisha TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, akiambatanisha namba hiyo na vipimo vyake.