Jinsi wataalamu wanavyopima madini yanayovuja kutoka kwa vyuma vya upasuaji

WENGI waliowahi kuvunjika mguu katika ajali za barabarani hutembea na kipande cha chuma mwilini hadi wakakisahau. Daktari alikifunga kwa parafujo, mfupa ukaunga, maisha yakaendelea.

Hata hivyo, chuma hicho hakikai bure. Maji ya mwili yana chumvi, na aliyeishi Mombasa hahitaji kuelezwa chumvi huwatenda nini mabati. Kinachokinga vyuma vya hospitali ni utando mwembamba mno unaojitandaza juu yake kutokana na madini ya kromi yaliyomo. Utando huo ukikwaruzwa hujirejesha, ila kila ukikwaruzwa chembe chache hutoroka na kuingia katika nyama iliyo karibu. Hali huwa mbaya zaidi pale vyuma viwili vinaposuguana.

Hilo ndilo lililotokea kwa nyonga bandia ambazo kichwa na kikombe chake vyote vilikuwa vya kobalti na kromi. Mnamo Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga zake za aina ya ASR, baada ya wagonjwa wapatao 93,000 kuwekewa kote ulimwenguni. Madaktari waliowafungua baadhi yao walikuta nyama imegeuka nyeusi, nyingine imekufa.

Kobalti ikizidi ni sumu. Katikati ya miaka ya 1960, wanywaji wa pombe mjini Quebec, Kanada, walikufa kwa maradhi ya moyo baada ya kiwanda kutia madini hayo katika bia ili povu lidumu.

Kupima si kazi nyepesi, kwani kinachotafutwa ni kidogo mno. Taabu huanzia kwenye sindano yenyewe: nayo ni ya chuma chenye kromi na nikeli! Ndiyo maana damu ya kwanza huwekwa kando, na inayofuata hutiwa katika chupa maalumu isiyo na madini. Kwa nyama, mpasuaji hukata kipande karibu na chuma, na baadhi ya watafiti hutumia kisu cha kauri wasije wakapima uchafu wa kisu chao wenyewe.

Kipande hicho hukaushwa, hupimwa uzani, kisha huchemshwa katika asidi ya nitriki hadi kiwe maji matupu. Maji hayo hunyunyizwa ndani ya mwale wa gesi ya agoni wenye joto la nyuzi zaidi ya 6,000, ambamo kila kitu husambaratika kuwa atomi zenye chaji ya umeme. Mtambo huzichuja kwa uzito na kuzihesabu: kobalti ni 59, kromi 52.

Hapa pana mtego. Agoni ina uzito wa 40 na kaboni, ambayo imejaa mwilini, ina 12. Zikishikana hufanya 52, na mtambo usiotayarishwa vyema utaapa kuwa umeona kromi. Dawa yake ni kupitisha gesi ya heli, ambayo huzizuia pacha hizo zisifike kwenye kihesabio. Aidha, sampuli isiyo na kitu na nyama ya mtu asiye na chuma hupimwa sambamba, kwa kuwa tarakimu bila kilinganishi haina maana.

Mwaka 2010, mamlaka ya Uingereza inayosimamia vifaa vya tiba iliwataka madaktari wachunguze zaidi mgonjwa ambaye lita moja ya damu yake ina zaidi ya maikrogramu 7 za kobalti au kromi. Maikrogramu moja ni sehemu moja kwa milioni ya gramu.

Lakini damu haisemi yote. Figo mbovu huifanya kobalti irundikane hata kama chuma hakivuji sana, na maji yaliyozunguka kiungo yanaweza kuwa na madini mengi kuliko damu. Watafiti waliomulika nyama hizo kwa miale mikali ya eksirei waligundua kuwa kromi nyingi imejibana humo kama fosfeti. Huenda ndiyo sababu nyonga mbovu inapotolewa, kobalti hupungua upesi katika damu, ilhali kromi hukawia.

Aliye na bamba lililotulia mguuni, lisilosuguana wala kuuma, kwa kawaida hahitaji kipimo hiki.