Hukumu ya Kupandisha Upya Vipindi vya Wengine

Vijana wetu huuliza: Je, inajuzu mpenzi wa kipindi cha intaneti, kiwe cha darsa au cha burudani ya halali, kukinakili na kukiweka YouTube kwa jina lake bila ya idhini ya mwenyewe?

Wenye kujuzisha husema elimu haimilikiwi. Hutaja iliyopokewa kutoka kwa Imamu Shafi'i (aliyefariki mwaka 204 Hijria), kwamba alitamani watu wajifunze elimu yake bila ya kumnasibishia chochote. Lakini tukizingatia, Imamu alisamehe haki yake mwenyewe. Haki ya mtu haisamehewi na mwingine.

Aidha, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinahifadhiwa na sharia, na haijuzu kuzivunja.

Na madhara yako wazi. Anayetazama nakala hahesabiwi kwa mwenye kipindi, na pato la matangazo laweza kumwendea asiyetoka jasho. Tena mwenyewe akisahihisha kosa lake, nakala hubaki na kosa lile lile.

Kwa hiyo, mwenyewe akiruhusu, inajuzu kwa masharti aliyoyaweka. Ikiwa hakuruhusu, aombwe. Asipojibu, kunyamaza kwake si idhini: mpenzi awatumie wenziwe kiungo cha kipindi chenyewe. Kheri itaenea, na haki ya mtu itasalimika.

Wallahu aalam.