Hodi ya Pili

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba hodi ni tatu. Ukipiga ya kwanza ukasikia kimya, unangoja kidogo ukapiga ya pili, na ya tatu isipoitikiwa unageuka ukenda zako bila ya kununa, kwani mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Adabu hiyo tumeipata katika mafundisho ya Mtume, na tumeifanya kuwa mila ya mitaa yetu. Lakini yuko mtu mwenye hodi ya namna nyingine kabisa, msomaji mpenzi. Huyu ni yule aliyefunguliwa mlango, akaambiwa karibu, na yeye mwenyewe akasema ahsante, sitoingia. Kisha miezi ikapita, dunia ikamgeuka, na sasa amesimama nje ya mlango ule ule. Huyu naye apigeje hodi?

Swali hilo nimelikuta Lindi. Sisemi ile Lindi yenye bandari, kusini mwa Tanzania. Lindi yangu ni kijiji kimoja katika vijiji vya Kibera, mjini Nairobi, ambako nimepanga chumba. Jina la Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwani Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles ndio walioanza kukaa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo hapana kabila usilolikuta. Alfajiri, adhana haijapoa masikioni, utawaona wanaume kwa wanawake wakiifuata njia ya reli kwa miguu, wakenda Eneo la Viwanda kutafuta kibarua. Atakayechaguliwa getini atalipwa ujira wake, na asiyechaguliwa ataifuata reli ile ile kurudi. Mahali kama hapo, mtu akipewa kazi ya mwezi akaikataa, habari hufika kila kizingiti kabla ya magharibi.

Kijana wa jirani yangu alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa. Alibeba makatoni ya karatasi muda wa miaka miwili, na kwa kuwa anajua hesabu na mkono wake ni safi, meneja akamwita ofisini akamwambia kuwa wanamtaka awe karani wa bohari, kwa mshahara wa mwezi. Kijana akakataa. Waliosikia walishika vichwa. Nami nilipoijua sababu yake sikumlaumu. Wakati ule alikuwa na wakala aliyemwahidi kazi ya Ghuba, na mama yake, ambaye ni fundi wa kushona, alikuwa amekwisha uza cherehani yake ili kutimiza fedha za safari. Angeikubali vipi bohari, ilhali cherehani ya mama imekwisha liwa? Akaenda mwenyewe kwa meneja, akamshukuru, akamweleza kuwa ana safari, wakapeana mikono. Baada ya hapo tarehe ya safari ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwisho simu ya wakala ikawa haipatikani, na ofisi yake ikakutwa na mpangaji mwingine anayeuza viatu.

Wahenga wetu wana onyo maarufu kwa jambo hili: usiache mbachao kwa msala upitao. Ni neno zuri kwa mtu ambaye bado amekalia mbacha wake. Je, aliyekwisha uacha na msala ukampita afanyeje? Vijana wenzake pale Lindi jibu lao lilikuwa moja, kwamba kurudi kwa meneja yule ni kula matapishi yako mwenyewe. Na kijana akashikwa na haya hata akabadilisha njia ya kwenda kutafuta kibarua, asije akapita mbele ya geti lile. Kwa muda wa miezi miwili mama yake alikuwa akishona kwa mkono, kuzungusha pindo za kanga na kutia vifungo, kazi ambayo malipo yake hayafiki popote.

Aliyelikata shauri ni bibi yake, Mnubi mtu mzima, ambaye saa zote utamkuta kibarazani anasuka kawa. Nilikuwapo. Alimwuliza, "Mjukuu wangu, wewe ulikataa kazi au ulimtukana mtu?" Kijana akajibu, "Nilikataa kazi tu, bibi." Yule bibi hakuinua macho kwenye ukindu wake. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na wewe hukumtukana mkunga. Nenda basi."

Nadhani bibi yule aliona jambo ambalo wengi wetu hatulioni. Tunachanganya kukataa na kudharau. Katika posa tunajua sana kutenganisha mawili haya. Wazee wakija kuposa, na nyumba haiko tayari, hawaambiwi kuwa mtoto wao hafai. Huambiwa kuwa binti bado anasoma, wakanywa kahawa yao wakaondoka na heshima yao. Mwaka wa pili mshenga akipitapita tena, hakuna anayeona ajabu. Nani amesema kazi haiwezi kuposwa hivyo?

Tena tunaye Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Mfalme wa Misri alipotuma mjumbe amtoe gerezani, Yusuf hakutoka mbio. Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake, akaulize kwanza habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Mtu aliyefungwa miaka anauambia ufalme kuwa bado! Lakini aliikataa hodi ile kwa sababu iliyo wazi, na sababu ilipokwisha timia aliitwa mara ya pili, naye akaja, na ni yeye mwenyewe aliyetaka awekwe juu ya hazina za nchi, akataja na sifa zake kuwa ni mlinzi mjuzi. Sisi si mitume, na meneja wa kiwanda si mfalme wa Misri. Hata hivyo hapo naona kwamba mtu huweza kusema la leo na kuomba kesho, na uso wake usipungue kitu.

Kijana akaniletea rasimu ya barua yake, kurasa mbili nzima, mna wakala, mna viza, mna cherehani, mna laana. "Ami," akaniambia, "nimeeleza yote ili anihurumie." Nikamwambia kuwa meneja si kadhi wa kusikiliza kesi yako na wakala. Rafiki yake mmoja alimshauri kinyume cha hayo, aombe kama mgeni asitaje chochote. Ushauri huo nao ni wa kitoto, kwani meneja ana macho, na atakayemficha la wazi atamshuku kwa la siri. Mwisho tulibakisha sentensi nne tu: kwamba aliwahi kupewa nafasi ya bohari, kwamba hakuipokea kwa ajili ya safari, na safari haikuwa, kwamba anafahamu huenda nafasi ile imekwisha pata mtu, na kwamba iwapo ipo kazi yoyote anayofaa, yuko tayari. Sentensi ya tatu ndiyo iliyotupa taabu. Kijana aliiona kama kujifungia mlango. Lakini kwa sheria na kwa desturi, kazi uliyoikataa haikungoji. Pale uliposema la, ahadi ya mwajiri ilikufa, na anayerudi hadai, anaomba.

Na huenda akanyimwa. Nairobi hii hii, mwaka 1982, Profesa Wangari Maathai aliacha kazi yake Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea kwa sababu ya uandikishaji wa wapiga kura, na aliporudi kutaka kazi yake hakupewa tena, hata nyumba ya chuo ikabidi aihame. Huyo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa, mwaka 1971, na bado mlango haukufunguka. Akaishika kwa mikono miwili Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sikumsimulia kijana habari hiyo ili atarajie Nobel. Nilitaka ajue kuwa jibu la hapana limepata kuwafikia wakubwa kuliko yeye.

Alikwenda siku ya Jumanne. Nafasi ya bohari kweli ilikuwa imekwisha pata mwenyewe, kijana mmoja wa Kawangware. Pale getini kibarua mwenzake wa zamani akamnong'oneza kuwa huyo wa Kawangware huchelewa kila wiki, na neno moja tu kwa meneja lingetosha. Jaribio kubwa lilikuwa hapo, kuliko hata ile haya ya kurudi. Mtume amekataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye, na kuposa juu ya posa ya nduguye, na sioni kwa nini mshahara wa mtu uwe nje ya hukumu hiyo. Kijana aliacha barua yake kwa karani akaondoka, neno lile hakulisema.

Baada ya wiki tatu akaitwa. Kazi aliyopewa ni ya kupokea mizigo, mkataba wa miezi sita, na mshahara ni chini ya ule alioukataa. Akauliza kwa upole kama atapewa mkataba kwa maandishi, kwani Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe. Meneja akacheka, akasema karatasi iko tayari mezani. Mshahara wa kwanza umelipa kodi ya chumba na deni la dukani. Cherehani bado, lakini mama mtu amekwisha anza kuulizia bei Gikomba.