Mpasuaji wa Hilden na Mkewe Mkunga

Katika Ujerumani ya karne ya 16, kupasua hakukuhesabiwa kuwa elimu. Madaktari wa chuo kikuu walishika vitabu vya Kilatini. Kisu waliachiwa vinyozi. Miongoni mwa waliokipokea kisu hicho ni Wilhelm Fabry, aliyezaliwa mwaka 1560 katika mji mdogo wa Hilden, karibu na Düsseldorf. Yeye hakuhitimu chuo kikuu chochote. Alijifunza kwa kukaa na mafundi, mpaka akafika Geneva, ambako mwaka 1587 alimwoa mkunga aliyeitwa Marie Colinet.

Siku hizo, mtu aliyejeruhiwa mguu akashikwa na donda ndugu alikuwa hatarini mno. Wapasuaji wengi, kwa kuchelea damu na maumivu, walikata penye nyama iliyokwisha kufa, nao uozo uliobaki ukaendelea kupanda. Katika kitabu chake cha mwaka 1593 Fabry alisisitiza kwamba, ikiwa hapana budi kukata, basi kukatwe juu ya uozo, penye nyama hai. Ni shauri jepesi kulisoma mtu akiwa kitini. Tusisahau kwamba nusukaputi haikuwako. Baadaye aliandika pia juu ya majeraha ya moto, akiyagawa katika daraja 3, na juu ya sanduku la dawa na vyombo lipasalo kufuatana na jeshi vitani.

Mwaka 1615 alipewa kazi ya utabibu katika mji wa Bern, Uswisi. Mwaka 1624 aliletewa mtu mwenye kibanzi cha chuma cha pua kilichochoma mboni ya jicho. Fabry alijaribu vyombo vyake vyote; kibanzi hakikutoka. Ndipo Marie aliposhauri sumaku. Mume akazifumbua kope na kuzishikilia, mke akaisogeza sumaku karibu na jicho, akaiondoa, akaisogeza tena, hata kibanzi kikaruka na kunasa juu yake.

Fabry alikuwa mtu mwenye jina kubwa, na angaliweza kujitwalia sifa hiyo bila mtu kumwuliza. Wangapi wetu tusingalifanya hivyo? Lakini katika mkusanyo wake wa visa 600 vya upasuaji, alioendelea kuuandika mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1634, alieleza waziwazi kwamba dawa ile ilitoka kwa mkewe.