Nilibeba frasila mbili, mama mmoja akaniuliza bei

Wanaonifahamu hapa Rusimbi wanajua nina magonjwa mawili: vyuma na historia. Vyuma nilianza nikiwa darasa la tano, nyuma ya nyumba yetu. Jimu yenyewe ilikuwa bomba moja la maji na makopo ya rangi ya lita 4 tuliyoyajaza zege. Kopo moja likikauka linakaribia kilo 10, kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu. Historia niliambukizwa sekondari. Nikamaliza kidato cha nne, shule ikaishia hapo, lakini ugonjwa haukupona.

Sasa, msomaji wangu, siku moja magonjwa hayo yakakutana Ujiji.

Nilikwenda kwenye kumbukumbu ya Dk. Livingstone. Ndani nikakuta masanamu mawili, Livingstone na Stanley, wanasalimiana kofia mkononi kama walivyokutana pale mwaka 1871. Wageni nao wanapenda kuigiza. Huyu anakuwa Stanley, yule Livingstone, wanapeana mikono, picha inapigwa, vicheko. Mimi nikatazama yale masanamu nikajiuliza, hivi mizigo iko wapi? Stanley hakutoka Bagamoyo na kofia peke yake. Kulikuwa na marobota ya nguo, shanga, waya na risasi, na vyote vilikuja mabegani mwa watu. Mabega hayo hayana sanamu.

Ndipo lilipoanza wazimu wangu.

Kwa taarifa yako, mzigo wa mpagazi wa zamani ulikuwa kiasi cha frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, yaani kama kilo 16, hivyo mbili ni kilo 32. Baunsa wa jimu anaweza kucheka akisikia kilo 32. Na mimi nilicheka. Lakini chuma unakinyanyua mara kumi, unakitua, unakunywa maji. Yule bwana alikwenda nao tangu alfajiri mpaka jua linapowaka, kesho tena, kesho kutwa tena, miezi mitatu na zaidi, mpaka Pwani.

Na wenye misuli kweli kweli walipewa pembe za ndovu. Mwingereza Burton, aliyefika Ujiji na mwenzake Speke mwaka 1858, aliandika kwamba pembe kubwa zilikwenda kwa wanaume wenye nguvu kuliko wengine, nao walijivuna, wakafunga na kengele kwenye ncha ili wasikike wakija. Huo kama si ubaunsa ni nini? Pembe iliyozidi nguvu za mtu mmoja ilitundikwa kwenye mti, wakaibeba wawili mzegazega. Usidhani zilikuwa chache za namna hiyo. Jozi ya tembo aliyeuawa Kilimanjaro mwaka 1898, ambayo iko London, pembe zake mbili pamoja zinapita kilo 190.

Wenzetu mambo haya wanayaenzi. Uskoti, alikozaliwa huyo Livingstone, kuna mawe mawili yenye pete za chuma, jumla kilo 332. Wanasema mwaka 1860 Donald Dinnie aliyabeba akavuka nayo daraja la Potarch. Mpaka leo wanaume kwa wanawake wanafunga safari kutoka nchi za mbali kwenda kuyajaribu, na akiyanyua hata sentimeta chache mtu analia kwa furaha. Sisi tuna njia nzima ya misafara kutoka ziwani mpaka Bagamoyo na hatuna hata jiwe.

Basi nikatafuta gogo la mwembe, nikalichonga lipinde kidogo kama pembe, nikalipima kwenye mizani ya dukani mpaka likasimama kilo 32. Ncha nikaifunga kengele ya mbuzi. Nikaenda kumwonyesha babu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hilo gogo la nini?"

Nikamweleza. Babu ni Mmanyema, wazee wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia.

"Mjukuu wangu, utajuaje unamwigiza nani?" akasema. "Aliyekwenda kutafuta mali au aliyeuzwa?"

Hapo nikaishiwa maneno. Maana ni kweli. Wanyamwezi wengi walibeba kwa hiari na ujira wao, wakalipwa nguo za merikani na posho ya kibaba cha nafaka kwa siku. Lakini kwenye misafara hiyo hiyo walikuwamo watu wa minyororo, na wengi walipitishwa hapa hapa Ujiji. Mshikaji wangu mmoja mwenye simu ya kamera nzuri alikuwa ameshanishauri nivae mnyororo shingoni ili picha inoge. Nakiri nilikuwa nimeanza kuutafuta. Baada ya lile swali la babu nikamwambia mshikaji abaki nyumbani na kamera yake.

Nilianza saa kumi na mbili asubuhi kwenye kumbukumbu, naelekea stesheni ya reli Kigoma, kilomita kama 8. Nilichagua stesheni kwa sababu reli ilipofika pale mwaka 1914 ndiyo iliyoanza kuwapumzisha wapagazi. Sikusema kupumzika kabisa, kwani vita ikaja mwaka huo huo na maelfu wakakamatwa kubeba mizigo ya jeshi. Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake limetoka kwenye kikosi hicho cha wabebaji. Mashabiki wa Simba na Yanga wanalitaja kila siku.

Kilomita ya kwanza nilikuwa mfalme, kengele inalia, watoto wananifuata. Ya pili bega la kulia likawaka moto, nikahamia la kushoto. Ya tatu nikawa nahama kila nguzo ya umeme. Bodaboda wakapunguza mwendo wanishangae. Nilikuwa na ngata ya kanga, lakini gogo linateleza, na linapoteleza linakuvuta shingo kama ng'ombe mkaidi.

Mwanga nikatua, natweta. Mama mmoja aliyesimama na gunia la dagaa akanitazama juu mpaka chini.

"We kijana, mpaka stendi shilingi ngapi?"

Nikamwambia mimi sibebi, nafanya historia. Akaguna. Kijana wa rika langu akaja, wakaelewana bei, akalitupa gunia begani akaondoka karibu anakimbia. Na ndala zake.

Stesheni nilifika saa tatu na nusu, nimetua mara 14. Nilizihesabu. Kurudi nilipanda daladala, gogo nikalilipia kama mzigo.

Jioni babu aliniita nikae karibu, akafunua shati na kutazama bega lililovimba. Akalibonyeza kwa kidole nikaruka.

"Walikupa posho?"

"Hapana, babu."

Akamwita bibi alete ugali na mgebuka.