Umejuaje kama mahindi haya ni salama?

Sokoni Busia, muuzaji wa mahindi akiulizwa kama mali yake imekauka, habishani. Huingiza mkono guniani, akatoa konzi moja na kumkabidhi mnunuzi: "Yang'ate mwenyewe, baba." Punje ikivunjika kwa mlio mkavu, bei inaanza kujadiliwa. Ikibonyea chini ya jino, mnunuzi anahamia gunia jingine. Asiyeyaamini meno yake hutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, akaitikisa, akangoja. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji.

Huo ni ujuzi wa kweli, nami nauheshimu. Mtu mwingine anaweza kuurudia na kupata jibu lile lile. Lakini sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, haina mlio wala ladha ya kuaminika. Punje iliyokauka vizuri leo huenda ilipata kuvu ikiwa bado shambani, au ilipoanikwa juu ya udongo, sumu ikabaki ndani. Moto wa kusonga ugali hauiondoi.

Tulifundishwa hilo kwa misiba. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Wengi walikula mahindi waliyoyalima wenyewe, mahindi wasiyoyashuku hata kidogo.

Machi 2021 swali la usalama wa mahindi likatua mpakani. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania, malori yakakwama Busia na kule Malaba, upande wa Tororo. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika lori la tani 30, hiyo ni gramu 0.3, pungufu ya uzito wa kidonge kimoja cha panadol. Jicho gani litaona hilo?

Tuseme mfanyabiashara ameng'ata punje, akaapa kwamba mzigo wake ni salama, na maabara ikakuta kweli ni salama. Je, alijua? Mimi nasema alibahatisha. Mwaka 1963 mwanafalsafa Mmarekani, Edmund Gettier, alionyesha katika makala ya kurasa tatu tu kwamba mtu anaweza kuamini jambo la kweli, tena kwa sababu nzuri, na bado asiwe analijua. Meno yalithibitisha ukavu. Usalama ulikuja kwa bahati.

Cheti nacho kina swali lake. Sumukuvu haisambai sawasawa. Hujikusanya katika punje chache. Mkaguzi akichoma magunia mawili ya mlangoni, karatasi yake itakuwa na muhuri, lakini haitakuwa na habari za gunia la katikati. Sampuli ni lazima itoke magunia mengi, ichanganywe, isagwe, ndipo ipimwe. Na mahindi yanayovushwa kwa baiskeli kupitia njia za panya hayapimwi kabisa, nayo huishia katika gorogoro ile ile ya kupimia sokoni.

Serikali za pande zote mbili zipeleke vipimo kwenye maghala ya vijijini wakati wa mavuno, kabla lori halijapakiwa. Nawe msomaji, ukinunua mahindi wikendi hii, muulize muuzaji yalianikwa wapi, na nani aliyapima.